Sorbeti, barafu ya kukwangua, ndizi au yogati: kipi kitaganda vizuri kwenye friji yako?

Mdogo wangu anaishi bedsita kule Kahawa West. Februari, joto la Nairobi likiwa limetuchosha sote, nilimpa vipimo vyangu vya sorbeti ya embe, yaani sharubati nzito iliyogandishwa, vilevile ninavyovitumia mimi, gramu kwa gramu. Kesho yake akanipigia simu.

"Dada, hii kitu imekataa kuganda. Imekuwa uji."

"Imekaa friza tangu lini?"

"Tangu jana saa nane. Nimekoroga vile uliniambia, na sukari nimepima, gramu mia na sitini."

Sikuona alipokosea. Embe lilikuwa zuri, ndimu ilikuwepo, saa zilikuwa zimepita za kutosha. Nikamwomba afungue friji aangalie kisanduku cha barafu kilicho juu ndani, kama kimlango chake kimechorwa nyota. Akasema ipo, moja tu.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza atengeneze nini na matunda aliyo nayo, mimi humuuliza kwanza ana friji gani. Tunda linafuata, halafu mlaji. Na kwa kuwa wengi wetu Nairobi tunaishi na friji ndogo za mlango mmoja, nadhani swali hilo litawaokolea watu sukari na maembe mengi.

Nyota zenyewe zinasomeka hivi. Nyota moja maana yake kisanduku hufika nyuzi 6 chini ya sufuri. Mbili ni nyuzi 12 chini ya sufuri, na tatu ni 18. Friji za milango miwili, ambazo friza ina mlango wake wa pekee, kwa kawaida hufika hizo 18, na friza kubwa za kulala kama sanduku vilevile.

Sasa sukari inaingiaje? Maji matupu huganda kwenye sufuri. Ukiyatia sukari yanachelewa kuganda, na hata yakianza, kinachoganda ni maji peke yake. Sukari inabaki kwenye majimaji yanayozidi kuwa mazito kadiri baridi inavyoongezeka. Sorbeti yangu ina sukari kama robo ya uzito wake, ukijumlisha ya embe lenyewe na ile ya kuongeza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri sehemu kubwa ya maji imeganda, na shira iliyobaki katikati ya barafu ndiyo inayoifanya laini, kijiko kikapita. Kwenye nyuzi 6, zaidi ya nusu ya mchanganyiko huohuo bado ni shira. Huo ndio uliokuwa uji wa mdogo wangu, na angeweza kuusubiri hadi Pasaka.

Jumamosi iliyofuata tukaamua kujaribu vitu vinne kwa siku moja, mimi nyumbani kwangu Donholm kwenye friza ya nyota tatu, yeye kwake kwenye nyota moja. Matunda yalitoka mahali pamoja, soko la Marikiti, yakagawanywa sawa. Hakuna kilichotiwa krimu wala yai, maana tulichotaka ni kitu chepesi cha kula mchana wa jua, kisicholemea tumbo.

Sorbeti ya embe

Sorbeti na sharubati ni maneno ndugu. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kunywa. Moja likapitia Uturuki na Italia, jingine likashukia pwani yetu. Kwa hiyo anayejua kutengeneza sharubati nzito ya embe amekwisha kufika nusu ya njia.

Natumia nyama ya embe gramu 700, ambayo ni maembe matatu makubwa au manne ya kadiri, sukari gramu 160, maji yaliyochemshwa mililita 120, maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole. Sukari naiyeyusha kwenye maji jikoni hadi punje zisionekane, naiacha ipoe kabisa, ndipo vyote vinaingia kwenye blenda.

Embe ndilo tunda linaloistahili kazi hii. Nyama yake ni nzito na ina pektini, kile kinachofanya jemu ishikane, kwa hiyo maji yanashikwa yasijikusanye kuwa vipande vya barafu. Ngowe au embe la aina ya apple halina nyuzi za kusumbua. Yale ya kienyeji yenye nyuzi yana ladha nzuri sana, nami nayapenda kuyanyonya kwa mkono, ila ukiyasaga ni lazima uyapitishe kwenye chujio. Na liwe limeiva hadi karibu kupita. Pale Marikiti nilikuwa nimeshika embe gumu, jekundu, la kupendeza macho, mama mwenye meza akanizuia.

"Unataka ya kula ama ya kusaga?"

"Ya kusaga, mama."

"Basi weka hilo chini, kastoma. Shika hili."

Lilikuwa limelegea karibu na kikonyo, ngozi imeanza kukunjamana, na pale juu palikuwa na utomvu kidogo uliokauka. Nililisogeza puani nikasikia harufu ya asali. Yale alinipa kwa bei ya chini kuliko yale magumu, maana kufikia jioni yangekuwa hayauziki. Kuanzia Desemba hadi Machi, maembe ya Ukambani yakiwa yamejaa mjini, mpishi wa sorbeti ndiye mnunuzi anayefaidika na yale ambayo wengine wanayaruka.

Kujua kama sukari imefika kiasi kuna njia ya zamani, ya yai. Chukua yai bichi la siku hizihizi, lioshe vizuri na ganda lake, litumbukize kwenye mchanganyiko uliopoa. Likizama, sukari haijatosha. Likielea na kuonyesha doa la ganda la ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, acha hapo. Likielea sana, ongeza maji. Kisha yai litoke, kazi yake ni kupima tu. Kwa embe zito jaribio hili hudanganya kwa sababu yai linashikiliwa na nyama ya tunda, lakini kwa sharubati nyepesi ya pasheni au nanasi linafanya kazi vizuri ajabu.

Mimi sina mashine ya aiskrimu. Namimina mchanganyiko kwenye kontena pana lenye kifuniko, naliingiza friza, na baada ya saa tatu hivi, pembezoni pakiwa pameshika na katikati bado pameregea, nalitoa, narudisha yote kwenye blenda kwa nusu dakika, narudisha friza. Baada ya saa moja na nusu narudia. Huko kusaga kunavunja chembe za barafu zikiwa bado ndogo. Ukiliacha bila kuligusa utapata tofali. Tangu kumimina hadi kula ni saa sita au saba, na kabla ya kupakua naliweka mezani dakika kumi lilegee.

Kwangu ilitoka vile ninavyoipenda: inashika umbo kwenye kijiko, ikifika ulimini inakuwa embe tena. Kwa mdogo wangu tulipunguza sukari hadi gramu 80 ili igande. Iliganda kweli, lakini chembe zilisikika kwenye meno, na utamu ulikuwa umefifia, maana ulimi ukipigwa na baridi hausikii sukari vizuri. Sharubati ikionjwa kabla ya kuganda inatakiwa ionekane tamu kupita kiasi kidogo, na yake haikuwa hivyo. Kwa friji ya nyota moja, kwa maoni yangu, sorbeti ni kujitesa. Ya nyota mbili inaweza kufanikiwa ukiivumilia usiku kucha.

Jambo moja la kuongeza kwa wenye friza nzuri: ikiwa sorbeti yako hutoka ngumu sana, badilisha gramu 40 za sukari kwa asali. Sukari za asali, uzito kwa uzito, zinazuia kuganda kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo inalainika. Asali nzito ya Kitui au Baringo ina ladha kali inayoweza kulifunika embe, ndiyo maana siendi zaidi ya hapo.

Barafu ya kukwangua

Watu wa Sisilia huiita granita, na zamani walikuwa wakiitengeneza kwa theluji iliyoteremshwa kutoka mlima Etna na kuhifadhiwa mashimoni hadi kiangazi. Hapa kwetu haihitaji theluji wala mashine wala hata blenda nzuri. Inahitaji uma na mtu wa kukaa nyumbani saa chache.

Tulitumia tikitimaji, gramu 800 za nyama nyekundu baada ya kutoa mbegu, sukari gramu 60, na maji ya ndimu mbili. Tikitimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na hilo linalolifanya lifae kwa barafu ya kukwangua ndilo linaloliharibu kwenye sorbeti: halina nyama ya kushika chochote. Lisage, lichuje, yeyusha sukari humohumo kwa kukoroga, mimina kwenye chombo kipana kina kisizidi vidole viwili.

Baada ya dakika 45 angalia. Kandokando patakuwa pameanza kushika, kama utando wa uji uliopoa. Pitisha uma kutoka ukingoni kuelekea katikati, uvunje kilichoshika ukichanganye na kilicho majimaji. Funga. Rudi baada ya nusu saa, na tena, na tena. Mara ya kwanza na ya pili utaona kama unapoteza muda, ni maji ya waridi yenye vipande. Mara ya nne uma unaanza kutoa sauti, kwaruu kwaruu, na vipande vinakaa vimetengana kama chumvi ya mawe. Mara ya tano au ya sita kila kitu kimekuwa chembe kavu zinazometameta, rangi imepauka kidogo, na ukizichota hazishikani.

Kwangu ilichukua saa tatu. Kwa mdogo wangu ilichukua saa tano na kidogo, lakini iliganda, na alinitumia picha kabla hata sijaikwangua yangu mara ya mwisho. Hesabu yake ni ileile ya mwanzo: mchanganyiko huu una sukari kama asilimia 12 tu, kwa hiyo hata kwenye nyuzi 6 chini ya sufuri kinachobaki majimaji ni karibu theluthi, na hicho kinakaa katikati ya chembe bila kuziyeyusha. Shida yake ilikuwa nafasi. Sinia haiingii kwenye kile kisanduku, akagawanya kwenye mabakuli mawili mapana ya plastiki, moja juu ya jingine.

Kwenye friza kali hatari ni ya upande wa pili. Nikienda kuanua nguo nikasahau, nakuta bamba gumu. Halijaharibika. Nalitoa nje dakika kumi, nalikwangua upya. Jambo hili la kusamehe ndilo linalonifanya niipende barafu hii kuliko vile vitatu vingine, na stima ikipotea ndipo unapouona wema wake. Sorbeti ikiyeyuka ikaganda tena bila kusagwa inajaa chembe kubwa, yogati nayo ikikaa kwenye joto saa nyingi siirudishi friza, naimwaga. Barafu ya tikitimaji ikiyeyuka kwa saa moja mbili, ikibaki baridi, unaanza tu kukwangua tena.

Nanasi linakubali vizuri, na linahitaji sukari kidogo zaidi ya hapo ikiwa ni lile la rangi ya kijani bado. Tunda damu pia, likichemshwa kidogo likamenywa ganda lake chungu. Lakini la kujivunia ni ukwaju. Loweka gramu 150 za ukwaju kwenye lita moja ya maji ya moto yaliyochemshwa, ziache saa mbili, zisugue kwa mkono safi, chuja, tia sukari gramu 120, onja, uongeze ukipenda. Waliokulia Pwani wanaijua ladha hii tangu utotoni, ilikuwa ikiuzwa milangoni kwenye vifuko vidogo vya plastiki, unang'ata pembe unafyonza. Vifuko viliondoka na marufuku ya Agosti 2017, ladha ikabaki. Usiiache tu kwenye sufuria ya alumini, ukwaju na ndimu huila hiyo alumini na barafu yako inachukua ladha ya chuma. Bakuli la plastiki, la kioo au la stili linafaa.

Na maji yawe yamechemshwa, kila mara. Kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu, vikiyeyuka vinaamka. Kwa sababu hiyohiyo siyatumii matunda yaliyokwisha kukatwa njiani, hata yakiwa ya rahisi kiasi gani. Tikitimaji lenyewe lioshwe ganda kabla ya kisu kupita, maana kisu kinaingia na kila kilichoko nje.

Ndizi za friza

Hii ni ya haraka kuliko zote. Ndizi nne zilizoiva hadi madoa meusi yametokea, zimenywe, zikatwe vipande vya unene wa kidole, zitandazwe kwenye sahani zisigusane, zigandishwe saa nne au usiku mzima. Halafu blenda, na maziwa vijiko viwili vitatu ili zizunguke. Kwanza zinakuwa kama chenga, unadhani zimeshindikana, kisha ghafla zinajikusanya na kuwa nyororo kama aiskrimu ya dukani. Sababu ni kwamba ndizi ina maji machache na ina pektini na wanga wa kutosha kuyashika. Hakuna sukari ya kuongeza.

Ndizi zenyewe ziwe za kuivisha, si matoke, na zile fupi tamu tunazoziita sukari zinapendeza zaidi. Lakini zina ladha moja tu, ya ndizi. Ukitia embe ndani yake utakula ndizi yenye rangi ya embe. Watoto hawajali, wanamaliza bakuli.

Tatizo ni blenda. Yangu ya kwanza niliiua hivi. Nilitoa ndizi friza zikiwa mawe, nikajaza hadi juu, nikabonyeza nikaacha izunguke. Ilinguruma, ikatoa harufu ya waya, na kile kiungo cha plastiki kinachozungusha kisu kikawa kimeliwa meno yote. Fundi aliniambia ni kosa langu, na alisema kweli. Sasa naacha vipande vikae mezani dakika tano hadi kumi, nasaga kidogokidogo kwa kubonyeza na kuachia, na ikianza kupata joto naipumzisha. Mwenye blenda ndogo ya juisi nyepesi asiianze njia hii kabisa.

Kwenye nyota moja ndizi ziliganda, ingawa si kwa ukavu. Zilipopita kwenye blenda zililegea mara moja na mdogo wangu akala kitu kama maziwa mazito baridi. Alisema ni kitamu. Ila aliyekiona kwangu angejua ni vitu viwili tofauti.

Yogati ya pasheni

Pasheni wauzaji wengi hapa mjini huziita "matunda" tu, kana kwamba hakuna tunda jingine duniani. Zile za zambarau za nyanda za juu ndizo zenye harufu kali, na zikikunjamana ngozi ndipo zimekuwa tamu, usizikatae.

Yogati iwe ile isiyotiwa sukari wala ladha, gramu 500. Naimimina kwenye kitambaa safi cheupe, nakifunga na kukining'iniza juu ya bakuli ndani ya friji saa tatu. Maji ya njano yanadondoka, inabaki kama gramu 350 za yogati nzito. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalalamika kuwa barafu yao imekuwa ya vipandevipande. Maji hayo ndiyo yanayoganda kuwa vipande. Baada ya hapo natia sukari gramu 70 na maji ya pasheni nane yaliyochujwa. Mbegu nazitenga kwa kusugua juu ya chujio na kijiko, sizisagi, zikivunjika zinaleta uchungu na vidoa vyeusi. Ikishakolea naigandisha saa nne hadi tano nikiikoroga kila baada ya saa moja.

Mala, yaani maziwa ya mgando, inafaa badala ya yogati, na kwa bei mara nyingi ni nafuu. Ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ining'inizwe usiku mzima, na ukali wake unataka pasheni chache.

Kuna mtego mmoja wa matunda na maziwa ambao ningependa kila mtu aujue. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini. Ukilichanganya na yogati na kuiacha, baada ya saa chache ladha inageuka kuwa chungu, na si kwa sababu yogati imeharibika. Mtu anamlaumu aliyemuuzia bure. Chemsha vipande vya nanasi dakika tano, vipoe, ndipo uvichanganye, uchungu hautokei.

Kwa nyota moja yogati ilitoka laini, ya kuliwa kwa kijiko siku hiyohiyo, na ilikuwa nzuri. Haikuwa ya kuchota mviringo, lakini haikuwa uji. Kwangu ilikuwa ngumu kidogo kuliko sorbeti, na ilihitaji dakika 15 nje.

Nani ale nini

Uzito wa sukari ukiuweka ubavu kwa ubavu, kwa gramu 100 za kila kimoja, kwa vipimo vyangu, sorbeti ina takriban gramu 25, yogati 18, barafu ya tikitimaji na ndizi 12 kila moja. Lakini namba hizo zisomwe pamoja na bakuli. Barafu ya kukwangua ina hewa nyingi kati ya chembe, glasi iliyojaa haina hata uzito wa glasi ya sorbeti. Ndizi kwa upande wake inashibisha, ni chakula. Baba yetu ana ugonjwa wa sukari, na daktari wake alimwambia matunda nayo yanahesabiwa. Kwa hiyo tukimwandalia ni barafu ya ukwaju ambayo sukari yake tumeipunguza hadi nusu, kwenye kikombe kidogo cha kahawa, baada ya chakula. Hiyo hata ikiganda ngumu kwa kukosa sukari, uma unaitatua.

Asiyepatana na maziwa yogati imemtoka, ndizi inamfaa akitia maji au tui badala ya maziwa. Mwenye watoto wadogo na blenda imara asihangaike na mengine siku za kazi. Mwenye wageni na friza ya nyota tatu, na ni msimu wa maembe, afanye sorbeti, kwa sababu hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachomfanya mgeni aweke kijiko chini aulize kimetengenezwaje. Nje ya msimu, yale maembe magumu ya Julai hayastahili, nami mwezi huo wa baridi siandai hata kimoja.

Mdogo wangu sasa hufanya barafu ya kukwangua peke yake. Tikitimaji likipanda bei anatumia pasheni na maji, likishuka anarudi kwenye tikitimaji. Juzi alikuwa na marafiki wanne Jumapili, akaanza saa nne asubuhi akiwa anafua, kila akianika nguo anarudi kukwangua, kufikia saa tisa alasiri mabakuli yote mawili yalikuwa tayari. Kitu kimoja tu alinipigia kuuliza: mbona inageuka juisi kabla haijafika mezani? Glasi zilikuwa zimetoka kuoshwa kwa maji ya moto. Aziingize friji nusu saa kabla, ama azisuuze kwa maji baridi, apakue mwisho kabisa watu wakiwa wameshakaa.